Kutoka Mradi hadi Kausha Damu: Uhakiki wa Lugha ya Biashara za Wanawake, kwa Mfano wa Majengo, Dodoma

Katika miaka ya karibuni limezuka Tanzania jina la mkopo ambalo halikutungwa na kamati yoyote ya lugha wala halikubuniwa na benki: kausha damu. Kwa umbo lake ni kitenzi na yambwa yake vilivyogeuzwa kuwa nomino, kama vunja jungu, na maana yake haimpotezi msikiaji. Ni fedha ikopeshwayo kwa muda mfupi na riba nene, ambayo mwenye kuichukua hubaki amenyauka. Aghalabu mwenye kuichukua ni mwanamke wa biashara ndogo: muuza mboga, mpika chakula, mchuuzi wa karanga au wa dagaa. Neno lilianza vinywani mwa wakopaji, likapanda magazetini, na hatimaye likatamkwa ndani ya Bunge huko Dodoma, na waheshimiwa wakalitumia bila ya kutaka radhi, kwa sababu hapakuwa na neno jingine la kulisema jambo lenyewe.

Ukosefu huo wa neno jingine ndio unaostahili kuhakikiwa. Kiswahili cha serikali na cha mashirika kimeandika mengi juu ya biashara za wanawake na upunguzaji wa umaskini: sera, mikakati, sheria, kanuni, vijitabu vya mafunzo. Yawaje lugha yenye maandiko mengi hivyo ikose jina la madhara yanayompata yule yule inayemzungumza, hata ikabidi ajitungie mwenyewe?

Soko la Majengo, katika Jiji la Dodoma, ni mahali pafaapo kulitazamia swali hili. Soko liko mjini, lakini uhai wake watoka vijijini. Mtama na uwele, karanga, alizeti, ubuyu, mlenda uliokaushwa, kuku wa kienyeji, na zabibu zinapokuwa katika msimu, vyote ni mazao ya nchi kavu iliyouzunguka mji, yaani Bahi, Chamwino, Kongwa na Kondoa. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma, na kati yao 765,179 tu walikuwa katika jiji. Na katika Tanzania Bara nzima, uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 26.4, vijijini asilimia 31.3, mijini asilimia 15.8. Njia itokayo katika tarakimu ya kwanza kwenda katika ya pili hupita sokoni, na wengi wanaoipita wakiwa na mizigo vichwani ni wanawake.

Jina lenyewe, Majengo, lina kumbukumbu yake. Liko Moshi, liko Mombasa, liko Nairobi. Ni jina la mitaa ya miji ya zamani ya Afrika Mashariki ambako watu wa makabila mengi walijijengea. Katika Majengo ya Nairobi, yaani Pumwani, Janet Bujra alionyesha katika makala yake ya mwaka 1975 kwamba wanawake walikuwa wamiliki wa sehemu kubwa ya nyumba, kwa fedha walizozipata katika kupika pombe, kupangisha vyumba, na hata katika ukahaba. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mwanamke mwenye biashara ni mazao ya semina. Semina zimemkuta akiwa na miaka mingi kazini.

Yafaa kuanza na neno mradi, kwa kuwa historia yake yafunua mengi. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani ni kusudi, azma, jambo mtu alilolielekeza moyo. Tena ni kiunganishi, kama mtu asemapo kwamba hajali taabu, mradi watoto wapate chakula. Katika miaka ya 1980, mshahara wa mfanyakazi wa mjini uliposhindwa kununua hata unga wa mwezi mmoja, neno hili lilipata kazi mpya. Wake za wafanyakazi, na wafanyakazi wanawake wenyewe, walianzisha miradi: maandazi, kufuga kuku, kushona, kuuza barafu. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya uchumi usio rasmi wa Tanzania, amelieleza tukio hilo kwa urefu na amelibakiza neno miradi kama lilivyosemwa. Kwa nini halikusemwa neno biashara? Ikumbukwe kwamba mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na ndio mwaka wa Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo mtu wa mjini asiyekuwa na kazi inayotambuliwa aliweza kupelekwa kijijini. Hapana shaka neno mradi lilikuwa kivuli kizuri. Mfanyabiashara alikuwa mtu wa kushukiwa. Mama mwenye mradi alikuwa mtu mwenye kusudi tu.

Lakini neno halikuachwa kwa wenyewe. Katika muongo uliofuata mradi likawa jina la kazi za wafadhili, lenye bajeti, mratibu, gari na tarehe ya kwisha. Mwanamke aliyekuwa na mradi wake akajikuta amekuwa mnufaika wa mradi wa mtu mwingine. Ni badiliko dogo la sarufi, kutoka kumiliki hadi kumilikiwa, wala hakuna aliyelitangaza.

Badiliko hilo limeenea katika vitenzi pia. Msomaji azitazame nyaraka za tangu Sera ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya mwaka 2004 na avihesabu vitenzi vinavyomhusu mwanamke. Ataona -wezesha, -inua, -jengea uwezo, -patia mikopo, -nusuru. Vyote vina mtenda aliye nje, na mwanamke yumo katika kiambishi cha yambwa, -wa-, au yuko katika umbo la kutendwa: wanawezeshwa, wanainuliwa. Kauli ya kutendesha ina mahali pake, wala si kosa la sarufi kusema kwamba mtu amewezeshwa. Kosa ni kwamba hakuna kauli nyingine. Huko sokoni vitenzi ni vya aina nyingine kabisa: kuchuuza, kupimia, kufungasha, kujazia, kukopesha, kudai, kuzungusha. Mtenda ni yeye. Hata kukopesha ni kwake, kwa maana muuza chakula wa Majengo ana madeni mengi ya wateja kuliko mikopo yake mwenyewe, nalo ni jambo ambalo nyaraka huliacha karibu kabisa: mwanamke maskini akiwa mkopeshaji wa watu wenye mishahara, akingojea mwisho wa mwezi wao.

Mfano ulio bora wa mgongano wa lugha mbili hizi ni majina mawili ya mpika chakula. Mama ntilie ndilo jina la mitaani. Ntilie ni nitilie, irabu imedondoka kama ilivyo desturi ya usemi wa haraka. Na ni- yamrejelea mla chakula, si mpishi. Jina la mwenye biashara limejengwa, basi, kwa sauti ya mteja aliyesimama na sahani. Wako waliolihisi kuwa na dharau, na ili kumpa heshima wakapendelea mama lishe, ambalo ndilo lililokaa katika maandiko ya serikali na matangazo, na sasa lina hata mwenzake, baba lishe. Heshima ni jambo jema. Lakini -lisha ni kumpa kiumbe chakula bila ya kutaja malipo. Mtu hulisha watoto, hulisha mifugo, hulisha wageni. Mama ntilie ni jina la mapatano: mmoja aomba, mwingine atia, na fedha hupita kati yao. Jina la heshima limemtoa sokoni likamrudisha jikoni kwake. Ndivyo lilivyo pia neno akina mama, ambalo nyaraka hulitumia kwa wanawake wote, hata msichana aliyeanza jana kuuza vitumbua.

Fasihi ya Kiswahili haikuwa na woga huo. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad uliotolewa mwaka 1958, amemsimulia mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya wakulima maskini, mama yake akiwa mfinyanzi, naye akivichukua vyungu kwenda kuviuza. Biashara ile ya vyungu ni mlango wa kuingilia katika sifa ya uimbaji, na msomaji wa leo angependa kujua zaidi bei ya chungu na safari ya kutoka shamba hadi mjini. Hata hivyo, kila asimuliapo mtu maisha ya Siti, kwa kitabu au kwa mdomo, hana budi kumpa vitenzi vyake: alibeba, alitembeza, aliuza. Hakuna aliyemwezesha.

Kwa upande wa bara mambo yalikuwa mengine kidogo. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma na mwasisi wa ngonjera, alipotoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, aliandika juu ya nchi ambayo mali yake ilihesabiwa kwa ng'ombe na ambayo kumbukumbu zake zilipangwa kwa miaka ya njaa. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ilikuwa bado katika vinywa vya wazee. Katika nchi ya namna hiyo, yenye masika moja tu na mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, biashara ya mwanamke huanza kama kinga: kikapu cha karanga, kuku watatu, chungu cha pombe ya mtama. Ni akiba iliyo nje ya zizi. Faida huja baadaye, ikija.

Karanga hizo zastahili neno moja la kando. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa, si mbali na Dodoma, mpango mkubwa wa karanga, kwa matrekta na mabuldoza. Ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Mpango umekuwa kichekesho cha vitabu vya uchumi. Karanga zimebaki, zikipimwa kwa kopo mikononi mwa wanawake, na hakuna aliyeandika ripoti juu yao.

Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio hilo ni miongoni mwa maandiko machache ya siasa yaliyomtaja mwanamke wa kijijini kwa haki: lilikiri wazi kwamba yeye hufanya kazi kupita kiasi ilhali wanaume wengi wa kijijini hustarehe. Lakini lilimwona shambani, halikumwona sokoni. Na soko lenyewe lililitazama kwa jicho la shaka. Ndilo lililoeneza msamiati ambao kizazi kizima kilikua nao: unyonyaji, mnyonyaji, mirija, kupe. Ni msamiati wa mwili. Mwenye nguvu hunyonya, mnyonge hunyonywa, na kinachonyonywa ni damu na jasho. Msamiati huo ulitumiwa vibaya mara nyingi, na mchuuzi mdogo mwenye gunia moja aliitwa kupe sawasawa na tajiri mwenye maghala. Lakini ulikuwa na faida moja kubwa: uliweza kusema kwamba katika mapatano ya fedha yawezekana mmoja anaumia kwa sababu mwingine ananeemeka.

Baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 msamiati huo ulistaafishwa. Badala yake lilikuja neno ujasiriamali, lililoundwa kwa ujasiri na mali. Kwa ufundi wa uundaji wa maneno ni kazi nzuri, kwani lafuata kanuni, latamkika, na limekubalika upesi kuliko istilahi nyingi zilizotungwa mezani. Uhakiki haugusi umbo lake, wagusa mzigo uliofungwa ndani yake. Mchuuzi ni jina la kitendo. Huchuuza, basi ni mchuuzi, awe amefaulu au amefilisika. Mjasiriamali ni jina la tabia. Lamsifu mtu kwa ushujaa, na kwa hiyo lamlaumu kwa siri akishindwa, kana kwamba alipungukiwa na moyo. Mvua ikikosekana Bahi, au bei ya alizeti ikianguka, ushujaa wa nani umepungua? Tena neno hili lawaweka katika fungu moja mwenye kiwanda cha mvinyo na mwenye beseni la nyanya, na hivyo kufanya ionekane kuwa kati yao kuna tofauti ya hatua tu katika safari moja.

Katika wakati huo huo kitenzi cha umaskini nacho kilibadilika. Uhuru ulipopatikana, umaskini ulikuwa adui wa kupigwa vita, pamoja na ujinga na maradhi. Mkakati wa mwaka 1998 ulisema kuondoa umaskini. MKUKUTA wa mwaka 2005 ulisema kupunguza. Na mpango wa TASAF wa kaya maskini wasema kunusuru. Kuondoa, kupunguza, kunusuru: ngazi hii ya kushuka yaweza kutetewa kama unyofu, kwa kuwa asiyeweza kuondoa ni afadhali akiri kuwa anapunguza. Lakini kinachonusuriwa ni kitu kilicho karibu kuzama, na lugha iliyofika hapo imekwisha kuacha kuuliza maji yalitoka wapi.

Juu ya vyombo vya kukopa na kuweka, lugha ya watu imekuwa na ustadi zaidi. Upatu ni neno la kale. Kamusi za zamani zalijua kuwa sahani ya shaba ipigwayo ngomani, na wakati huo huo ni jina la mchango wa zamu, ambao wanawake wa pwani na bara wameutumia kwa vizazi. Balaa lililolipata ni kuwa vyombo vya dola vimelichukua kuwa jina la utapeli wa fedha za kupanda mbegu, ambao wa mwisho humlipa wa kwanza hadi wote wakaanguka; katika kesi ya DECI, iliyoanza mwaka 2009, ndilo neno lililotapakaa magazetini. Wanawake kumi wanaopeana fedha kwa zamu, kila mmoja akijua zamu yake na nyumba ya mwenzake, na mtandao wa watu wasiojuana ulioahidi faida ya mbinguni, wamekuwa na jina moja. Hilo ni dhuluma ya kilugha, nayo ina matokeo yake: mwanamke asemaye mbele ya ofisa kwamba mtaji wake ameupata kwa upatu ajitia katika shaka.

Kwa bahati Kiswahili kilijilipa kwa njia nyingine. VICOBA ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, jina la mtindo wa benki za kijamii vijijini uliotokana na kazi ya shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Wasemaji wa Kiswahili walilisikia jina, wakaliona lina vi- ya wingi, wakalitafutia umoja wake, nao ulikuwepo tayari: kikoba, mkoba mdogo. Leo mwanamke wa Majengo au wa Mvumi asemapo kikoba chetu hajui wala hahitaji kujua kwamba kulikuwa na Kiingereza. Kamati gani ingeweza kutunga kwa uzuri kama huo?

Kikundi ni habari nyingine. Katika mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, aliwapata katika vyama vyao, vya ngoma na vya wapika pombe. Susan Geiger ameyaandika hayo kwa kuwahoji wenyewe. Nchini Kenya neno chama ndilo linaloendelea kutumika hadi leo kwa makundi ya akiba. Tanzania Bara, ambako chama lilichukuliwa na siasa na chama cha ushirika kikachukuliwa na sheria, wanawake wameachiwa kikundi, kundi lililotiwa ki- ya udogo. Na kikundi si mkusanyiko tu, ni sharti. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, iliziamuru halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo haziendi kwa mwanamke mmoja. Ni lazima awe katika kikundi kilichosajiliwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya hesabu kuonyesha fedha nyingi zisizorejea na vikundi visivyoonekana, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma likawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kwa njia ya benki.

Vikundi hewa vililaumiwa kwa udanganyifu, na udanganyifu ulikuwapo. Lakini yafaa kuuliza kama baadhi ya vikundi hivyo havikuwa hewa tangu katika lugha. Muuza dagaa na mshona nguo na mpika chapati, wenye mitaji mitatu, saa za kazi tatu na wateja watatu, hulazimishwa na fomu kujiita kitu kimoja. Biashara zao hazikuwa za kikundi kabla ya fomu, wala hazikuwa za kikundi baada ya fedha kugawanywa.

Hapo ndipo kausha damu ilipopata nafasi. Mwanamke asiyeweza kungoja kikundi, au ambaye mikopo yake ya halmashauri ilisimama, ana duka lililo wazi kila siku: mkopeshaji wa mtaani, na sasa hata wa ndani ya simu. Lugha ya mkopeshaji ni laini. Husema huduma, husema mteja, husema marejesho. Neno marejesho lafaa kutazamwa kwa makini. Kurejesha ni kukirudisha kilichochukuliwa. Aliyeazima jembe hurejesha jembe. Kiswahili cha kale kilikuwa na maneno yenye makali zaidi: deni, mwia na mwenye kuwiwa. Marejesho yaondoa makali, yakionyesha kana kwamba kinachorudi ni kile kile kilichotoka.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanamke akopeshwa shilingi 200,000, arejeshe 20,000 kila juma kwa majuma 12. Atalipa 240,000. Huambiwa kwamba riba ni asilimia 20, naye huona ni 40,000 tu. Lakini hakukaa na ile 200,000 kwa majuma 12. Baada ya juma la sita amekwisha kurudisha 120,000, na bado riba yahesabiwa kana kwamba fedha yote iko mkononi mwake. Hesabu ikifanywa juu ya fedha anayobaki nayo kweli, riba yafika karibu asilimia 12 kwa kila majuma manne. Benki Kuu ya Tanzania, katika kusimamia wakopeshaji wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Asiyejua tofauti ya hesabu hizo mbili atapumbazwa na neno asilimia. Na juma la rejesho halijui msimu. Karanga huvunwa mara moja kwa mwaka, marejesho huvunwa mara 52.

Wachezaji wa bao wataielewa hali hii kwa neno lao wenyewe. Mtaji, kwao, ni mchezo wa kula kete za mwenzio. Asiye na mtaji hutakata tu, akizisogeza kete zake kutoka shimo hadi shimo bila ya kula. Mwenye kukopa ili alipe mkopo anatakata. Kete zinazunguka, na nyaraka zikipita karibu zikiona mzunguko huo huuandika kuwa biashara imekua.

Yako mengine ambayo msamiati rasmi hauyashiki. Unyonge wa mwanamke wa kijijini haukai katika mtaji peke yake, umo katika kipimo. Sado, kopo la rangi lililogeuka kipimo cha nafaka na kuachia soko jina la kiwanda chake. Fungu, lisilo na uzito wowote ila macho ya muuzaji na mnunuzi. Na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba hadi likapita kilo 100 zilizowekwa kuwa kikomo. Mwanamke wa shamba huuza kwa lumbesa na hununua kwa sado, na kati ya vipimo hivyo viwili hupotea fedha ambazo hakuna mkopo utakaozirudisha. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku lumbesa mara nyingi. Ni vigumu kupata kijitabu cha ujasiriamali kinachoipa ukurasa mmoja.

Watetezi wa lugha rasmi watasema, na wana haki kidogo, kwamba sera haiwezi kuandikwa kwa lugha ya mitaani, na kwamba maneno kama kausha damu ni ya hasira, hayafai sheria. Lakini hapo awali sheria ilikubali neno lumbesa, ambalo halikuzaliwa ofisini, kwa sababu pasipo jina hilo kosa lisingeshikika. Hasira si kasoro ya maana. Kupe na mirija yalikuwa maneno ya hasira pia, yakafundishwa shuleni. Kausha damu ni mjukuu wao. Picha ya damu ile ile imerudi baada ya kuondolewa katika hotuba, ila safari hii haikushuka kutoka jukwaani, imepanda kutoka mezani pa muuza mboga.

Imebaki kazi ya watunga kamusi. Watakapolifikia neno hili watashawishika kuliandikia kwamba ni msimu, kisha mkopo wenye riba kubwa. Alama hiyo haifai tena kwa neno lililokwisha kusemwa Bungeni, na fasili hiyo ni fupi mno, kwani riba kubwa ni ukubwa tu, na hata benki yaweza kuwa nayo. Fasili iliyo karibu zaidi na maarifa ya soko ni hii: mkopo wa muda mfupi ambao riba yake huendelea kutozwa juu ya fedha iliyokwisha kurejeshwa. Mwanamke wa Majengo aliyelipa juma la kumi na mbili ailewa bila ya kuisoma.